Bomba Moja, Watani Wawili

Jumatatu, 6 Agosti 1973

Inatangazwa kwa wananchi wote wa kijiji cha Lugunga, wa juu na wa bondeni, kwamba leo saa mbili asubuhi jogoo mwekundu wa Balozi Cleopa, mwenye umri wa miaka miwili na sauti ya tarumbeta, amehama makao yake bila kuaga. Ameondoka akiwa kwapani mwa Mwinshehe. Mfiwa ni mimi.

Mwinshehe ni balozi wa nyumba kumi za bondeni. Mimi ni balozi wa nyumba kumi za juu. Zaidi ya hapo ni mtani wangu. Babu yangu alikuwa Mnyamwezi, alipita hapa na misafara. Babu yake Msagara, aliwauzia chakula. Tangu siku hiyo, watu wetu na watu wao hunyang'anyana na kutukanana kwa raha. Mtani akichukua kitu chako hukasiriki. Unacheka, halafu unatafuta namna ya kukikomboa. Leo alikuja kunipa pole ya msiba wa mjomba wa mke wangu, akanywa uji, akamchukua jogoo. Kasema anamsaidia kuomboleza mahali penye utulivu. Nimecheka. Kicheko kilichukua muda kufika.

Kuna habari nyingine, ndogo. Mkoa unapanga miaka ishirini ijayo na unataka sisi tuseme tunachotaka.

Mwenyekiti Theodory ametusomea barua mbele ya ofisi ya kijiji. Anasoma polepole kama mtu anayevuka daraja la miti. Zamani, kasema, mipango ilitoka juu ikatuangukia. Sasa ni Madaraka Mikoani, mipango ianzie kwetu. Jumamosi atakuja afisa mipango kutoka Morogoro na fomu. Fomu ina nafasi za mambo mengi mpaka mwaka 1993: ghala, daraja, zahanati. Lakini miaka mitano ya kwanza ni maji. Bomba moja, kutoka chemchemi ya mlimani. Litasimama wapi, tuamue wenyewe, siku hiyohiyo. Tusipoafikiana fomu inarudi tupu, na zamu yetu nyingine ni 1978.

Nikautazama uwanja wangu. Pale kwenye mstafeli pamekaa kama paliumbwa kwa ajili ya bomba. Mwinshehe naye nikamwona anautazama uwanja wake. Na jogoo wangu akautazama pamoja naye.

Jumanne, 7 Agosti

Nimekusanya maoni ya nyumba zangu kumi. Miaka kumi na minne nilikuwa nyapara kwenye shamba la katani, kwa hiyo kukusanya watu najua. Kukusanya maoni ndiyo kazi mpya. Nikaanza kwa kuwapa maoni yangu, ili waone maoni yanafananaje. Kisha nikauliza nani ana mengine. Kimya. Mambo yakaenda vizuri sana.

Baadaye kidogo yakaharibika. Mzee mmoja akataka treni ya Kidatu isimame mlangoni kwake, maana miguu inamsumbua. Nikaandika "treni", kwa heshima ya mvi. Bibi mmoja akauliza kama mpango huu unaweza kuzungumza na tembo wa Mikumi, maana yeye ameshazungumza nao mpaka amechoka. Nikaandika "tembo". Kisha nikawarudisha kwenye mstafeli. Wote wakakubali bomba likae kwangu, ama walikuwa wanataka kwenda shamba. Dalili zake zinafanana.

Jioni Hildegarda, mke wangu, akaniuliza mbona yeye sikumwuliza. Nikamweleza kwa upole kwamba mke wa balozi haulizwi. Maoni yake yamo ndani ya yangu.

Akasema ameyatafuta humo hajayaona.

Namshukuru Mungu kwa mke mwenye mzaha.

Jumatano, 8 Agosti

Hujuma. Mwinshehe amefagia kipande cha uwanja wake, akakizungushia mawe, akayapaka chokaa. Mawe kumi na mawili, meupe pe. Ukipita barabarani unadhani Mkuu wa Wilaya amehamia pale. Katikati ya mawe hakuna kitu. Nafasi tu, inangoja bomba.

Jogoo wangu amesimama juu ya jiwe la saba. Ameniona. Hakunijua.

Nikarudi nyumbani nikachukua jembe. Kama yeye ana chokaa, mimi nina akili: bomba linahitaji mfereji wa kupeleka maji machafu. Afisa akikuta mfereji tayari, atasema hapa pana watu wa maendeleo. Nimechimba toka saa nne hadi saa nane. Udongo wa Agosti ni kama kichwa cha shemeji, haupenyeki. Nimepata shimo la urefu wa mtu mmoja, na upana wa mtu huyohuyo.

Mwinshehe akapita. Akasimama. Akavua kofia yake ya kiua.

"Mtani, umeanza kuchimba mwenyewe? Hiyo kazi si yangu?"

Kwetu kaburi la mtu huchimbwa na watani wake. Nikamwambia ni mfereji.

Akajilaza chini pembeni ya shimo kupima urefu, akainuka akasema panatosha, ila kichwa changu kitabidi kikunjwe. Akaniambia nisife kabla ya Jumamosi, ana shughuli nyingi. Nyumba nzima ya jirani walikuwa wanacheka. Nami nikacheka. Mgongo umekataa kunyooka hadi naandika haya.

Alhamisi, 9 Agosti

Leo sina mzaha mwingi.

Hildegarda alikwenda mto Miyombo asubuhi kama kawaida. Mto umekauka, wanawake wanachimba mchangani na kungoja maji yajikusanye, kata moja baada ya nyingine. Kisha debe kichwani, na mwinuko wote ule. Yeye ni mtoto wa Vidunda, kazaliwa mlimani, kupanda hakumtishi. Lakini goti lake la kulia limekuwa na maneno tangu masika. Leo likamwangusha.

Nimemkuta ameketi pale kwenye jiwe bapa, nusu ya njia, goti limevimba kama boga changa. Joha, mke wa Mwinshehe, alikuwa naye. Akaliacha debe lake mwenyewe palepale chini, akalibeba la Hildegarda mpaka kwangu, akashuka tena kulifuata la kwake. Hakutaka hata asante. Kasema wamezoea.

Sikujua kwamba wamezoea. Sikujua kwamba Joha amekuwa akilibeba debe letu tangu mwezi wa tano, kila goti linapogoma. Mimi hukuta maji ndani ya mtungi. Sijawahi kuyauliza yamefikaje.

Nimemkanda kwa maji ya moto, hayohayo aliyoyaleta Joha. Nimemwapia: bomba litakuwa mlangoni kwako, Mama. Hatua nane kutoka jikoni. Nimezihesabu.

Akaanza kusema jambo kuhusu bomba. Nikamwambia apumzike, mambo yote yamo mikononi mwangu. Akaitazama mikono yangu, ilivyochubuka kwa jembe.

Miaka mitano mingine ya mwinuko ule hataiweza. Huo ndio ukweli, mstafeli au hakuna mstafeli.

Ijumaa, 10 Agosti

Nimepata njia. Imenijia nikiwa nimelala chali, kwa sababu ya mgongo.

Mwinshehe ana ulimi. Kesho akisimama kusema, watu watamsikiliza. Lakini tuna desturi, na desturi ni silaha kwa anayejua kuishika: maneno ya mtani hayashikwi. Mtani hata akikuambia umekufa, huangui kilio. Basi itangazwe tu mapema, mbele ya mgeni, kwamba Mwinshehe ni mtani wangu na leo yuko kwenye utani. Kila atakalosema litakuwa kichekesho. Fomu haiandikwi vichekesho.

Nimemwendea Mwenyekiti Theodory. Nikamwomba aliseme hilo wakati wa kufungua mkutano, ili mgeni asije akapotoshwa. Mwenyekiti akakuna shingo. Akaniuliza kama nimelifikiria vizuri. Nikamwambia silali kwa kufikiri. Akasema sawa, basi yeye atasema kama nilivyomwomba, wala hataongeza wala hatapunguza.

Nilivyokuwa natoka nikamsikia anacheka peke yake ofisini. Mwenyekiti mchangamfu ni neema kwa kijiji.

Hildegarda anachechemea. Jioni alikuwa na wageni jikoni, Joha na akina mama kama sita hivi, wa juu na wa bondeni. Nikawapita na salamu tu. Mazungumzo ya wanawake.

Jumamosi, 11 Agosti

Mkutano umekwisha kwa ushindi. Bomba limepata mahali. Kwa hekima ya mabalozi, hasa mmoja wao, pande mbili za kijiji zimeafikiana na fomu imejazwa. Nilitoa hotuba yenye kugusa mioyo. Watu walitoa machozi. Mgeni kasema hajapata kuona mkutano kama huu katika wilaya nzima.

Nimechoka. Maelezo yatafuata.

Jumatatu, 13 Agosti

Jana nilisoma nilichoandika juzi. Hakuna neno la uongo hata moja, na bado si kweli. Hildegarda hasomi daftari hili, lakini ana namna ya kulitazama. Basi niandike ilivyokuwa.

Mgeni alifika saa tatu, na gari aina ya Landrova lenye vumbi la Mikumi. Ndugu Anastazia, msichana wa miaka ishirini na kitu, miwani, fomu kwenye ubao. Nilikuwa nimejiandaa kumwamkia afisa mzee. Yeye akaniwahi na shikamoo. Nikaitikia marahaba nikiwa nimeshavua kofia, mambo yakachanganyika kidogo.

Mwenyekiti akafungua. Akasema kama nilivyomwomba, bila kuongeza wala kupunguza: kwamba Balozi Mwinshehe na Balozi Cleopa ni watani, na leo mgeni asije akayashika maneno yao.

Maneno yao. Wao. Wawili. Hapo ndipo nilipaswa kuinuka nikaenda nyumbani.

Desturi ni ya watu wawili. Huwezi kumfanya mtu mtani wako halafu wewe usiwe wake. Naijua tangu nazaliwa. Usiku wa Ijumaa niliisahau kwa sababu ilikuwa inanipendeza kuisahau.

Mwinshehe akasimama kwanza. Akasema bomba likae bondeni, kwenye mawe yake meupe. Watu wakacheka. Akasema ana sababu. Wakacheka zaidi. Mimi nikajishika mbavu kwa furaha, nikaona mstafeli wangu unachuruzika maji.

Kisha nikasimama mimi. Nikaeleza mfereji niliochimba. Mwinshehe akamwarifu mgeni kwamba lile ni kaburi, na kwamba yeye mwenyewe alikwenda kulipima. Uwanja mzima ukaanguka. Nikaona niache mfereji, niseme la moyoni. Nikaeleza goti la mke wangu. Mwinuko, debe, Alhamisi. 

"Mtani," Mwinshehe akasema, "goti hilo haliumi kwa debe. Linauma kwa miaka ishirini ya kukubeba wewe."

Nikasema, jamani, mimi sitanii. Basi ndiyo ikawa mbaya kabisa. Mtani anayeapa kwamba hatanii ndiye mtani bingwa. Machozi yalinitoka ya kweli, nao wakatoa ya kwao kwa kicheko; hayo ndiyo machozi niliyoyaandika juzi. Mzee wa treni aliteleza kwenye benchi.

Saa zikaenda. Upande wa juu wakisema mstafeli, wa bondeni wakisema chokaa, na kila mmoja wetu akifungua mdomo, watu wanacheka. Ndugu Anastazia akatazama saa. Alikuwa na kijiji kingine kabla ya jioni. Akasema, kwa adabu sana, kwamba analazimika kuandika "hawajaafikiana". Akafungua kalamu.

Kicheko kikakatika. Nikamwona Hildegarda kule nyuma, amekaa na mguu ameunyoosha mbele. Mwaka 1978. Nikapiga hesabu ya mwinuko ule mara mbili kwa siku mpaka 1978, nikaiacha katikati.

Nikamwendea Mwinshehe. Nikamwambia kwa sauti ya chini: Mtani, lichukue. Liweke kwako. Kwako ni karibu kuliko mtoni, goti litapata nafuu kidogo.

Mwinshehe akanitazama. Nikadhani atanicheka tena. Akasema hapana, liweke kwako wewe. Kasema Joha amemweleza habari ya debe, na tangu Alhamisi hajalala vizuri juu ya yale mawe yake.

Nikasema haiwezekani, liende bondeni. Akasema haliji bondeni, liende juu. Nikamwambia usiwe mbishi. Akasema mbishi ni baba yangu. Sauti zikapanda. Watu wakaona mabalozi wawili, waliogombea bomba tangu asubuhi, sasa wanasukumiana kama kiazi cha moto. Wakadhani ndiyo sehemu ya pili ya utani. Kicheko cha safari hii kilisikika, naambiwa, mpaka relini.

Ndugu Anastazia naye alikuwa anacheka, miwani ameivua. Lakini kalamu ilikuwa bado mkononi, juu ya lile neno.

Ndipo Hildegarda aliposimama. Joha akamshika mkono. Hildegarda ni Mvidunda, hana utani na Mwinshehe. Joha naye hakutangazwa kuwa mtani wa mtu. Walikuwa ndio watu wazima wawili waliobaki ambao maneno yao yanashikika.

Hildegarda akasema kwamba mahali papo. Jiwe bapa, nusu ya njia. Kila mwanamke wa Lugunga, wa juu na wa bondeni, hutua debe lake pale, kila siku ya Mungu. Wa juu hawatapanda mwinuko mkali, maana kutoka pale kuja kwetu ni tambarare. Wa bondeni hawatakwenda mbali zaidi ya mto. Ardhi ni mwamba, hapatakuwa na tope. Na si uwanja wa mtu. Joha akaongeza kwamba fundi wa misheni alishawahi kuwaambia maji ya mlimani yatafika pale bila mashine, wameshamwuliza. Wamepanga tangu mwezi wa sita, wakingoja maji yajikusanye mchangani. Ijumaa jikoni kwangu walimalizia tu.

Ndugu Anastazia akauliza, sasa mbona hawakusema toka asubuhi?

Joha akainamisha kichwa kwa heshima.

"Tuliambiwa na Balozi kwamba maoni yetu yamo ndani ya yake. Tukawa tunangoja yatoke."

Kwa kicheko hicho sikuwa na la kufanya ila kukaa chini.

Mikono ikanyooshwa. Wanawake wote. Kisha wanaume, mmoja mmoja, wakitazamana. Mwinshehe akanyoosha wake, akaninyanyulia na wangu. Ndugu Anastazia akafuta alichoanza kuandika, akaandika: Jiwe Bapa, kwa kauli moja. Ni kweli alisema hajapata kuona mkutano kama ule. Hakusema ni kwa uzuri.

Tukiwa njiani kurudi, nikamwuliza Hildegarda kama asingependelea hatua nane. Akasema bomba likiwa mlangoni, mimi nitanunua filimbi nipange watu foleni kuanzia alfajiri. Na pale jiweni ndipo anapopata kupumzika, kasema, goti na masikio. Sikuuliza masikio yanapumzika na nini.

Jana Mwinshehe na Joha walitualika chakula. Wali, na mchuzi wa jogoo. Mwekundu. Amechinjwa na Mwinshehe kwa mkono wake mwenyewe, kwa bismillahi, na kasema aliimba mpaka dakika ya mwisho. Nikamkumbusha kwamba yule alikuwa wangu. Akanipa paja, akasema basi, amenikombolea kipande. Jogoo mgumu, lakini sijala kitu kitamu hivyo tangu Saba Saba.

Bomba lenyewe bado ni karatasi iliyo ndani ya gari, tena barabara ya Mikumi ina mashimo. Huenda lisije upesi. Lakini asubuhi hii nimekwenda mtoni kuteka maji mimi, balozi mzima, debe begani maana kichwani limenikataa. Nimetua pale kwenye jiwe bapa. Ni kweli. Pamekaa vizuri. Wanawake waliokuwapo walinisogezea nafasi bila neno, na Joha akanifundisha kusokota ngata. Nashukuru kwa goti ambalo bado linasimama, kwa mtani aliyeniharibia mipango, na kwa watu waliocheka nami siku nzima bila kunichukia. Si kila nyapara hupata hayo.

Sasa, lile bomba litahitaji msimamizi. Mtu wa makamo, mwenye uzoefu wa kusimamia watu. Filimbi ninayo toka enzi za katani, nimeiosha inalia vizuri. Na kwenye fomu, mwaka 1978 ni ghala la kijiji. Nimepima leo kati ya mstafeli na ule mfereji: linaenea kabisa. Kesho nitakusanya maoni ya nyumba zangu kumi.

Hildegarda ananiuliza naandika nini kirefu hivi. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Yake nimeshayaweka humu.